Mkanda wa Doto

Shigela alikuwa mtu wa kula amesimama. Mke wake Evelina alishazoea kumpa sahani mlangoni, naye alitafuna huku akitazama barabara kama mtu anayesubiri kuitwa. Alipenda kusema kwamba machinga akikaa, bidhaa zake nazo zinakaa. Asubuhi hiyo alikuwa ameketi ukingoni mwa kitanda, kifua wazi, mtoto amefungwa juu yake kwa kitenge cha maua, na magoti yake yote mawili yalikuwa yanacheza kama ya fundi aliye kwenye cherehani.

Mtoto huyo alikuwa Doto. Pacha wake, Kulwa, alikuwa kifuani kwa mama yao, upande wa pili wa kitanda hichohicho. Walikuwa wamezaliwa kabla ya wakati wao, na hospitali ilikubali kuwaruhusu kwa sharti moja tu, ambalo muuguzi, Sista Kokulinda, alilirudia kama mtu anayemtuma mlevi dukani. Watoto hawa hawajui bado kujitengenezea joto. Wabebwe kifuani, ngozi kwa ngozi, mchana na usiku, mpaka wanenepe. Mama ana kidonda cha upasuaji, hawezi kubeba wote wawili. Basi mmoja ni wa baba.

Mama yake Shigela alikuwa amekuja kutoka Magu kusaidia malezi, akiwa na mfuko wa pamba aliyoichambua mwenyewe kwa ajili ya kuwafunika wajukuu. Yeye angeweza kumbeba mmoja, lakini Sista Kokulinda alimsikia akikohoa mara moja tu, akamwambia kwa adabu, mama, wewe utupikie. Tangu siku hiyo bibi alipika na kuteka maji, na alipopita karibu na wajukuu aliziba mdomo kwa khanga.

"Tulia," Evelina alisema. "Unamtikisa."

"Sijamtikisa. Ni magoti."

"Basi yaambie magoti."

Mlango wa chumba chao ulitazamana na kibanda cha Yakobo, kinyozi, na benchi la Yakobo halikuwahi kukosa watu. Ndiyo maana Shigela alitaka mlango ufungwe, ingawa ndani palikuwa na joto la kuivisha ndizi. Hata hivyo walikuwa wamekwisha kumwona. Jana yake Yakobo alikuja kuazima kiberiti, akachungulia, akauliza kwa upole mkubwa kama maziwa yameshaanza kutoka. Benchi zima lilicheka. Tangu hapo jina lake pale kibandani likawa Mama Doto.

Dhihaka za Yakobo zilimuuma, lakini huruma ya mama yake ilimuuma zaidi. Bibi hakuelewa kabisa jambo hili. Alisema kule kwao mwanaume alimshika mtoto pale mtoto alipoweza kukimbiza mbuzi, na kabla ya hapo alimtazama tu, tena kwa mbali. Akimwona mwanawe amekaa ndani kifua wazi, amefungwa kitenge, aligeuza uso kama aliyemkuta akioga.

Na kweli, kukaa kwake kulikuwa kama kifungo. Mwili ulikuwa kitandani, masikio yalikuwa barabarani. Aliwasikia machinga wenzake wakipita, mmoja na ndoo za plastiki, mwingine na soksi, na kutokana na sauti tu alijua nani ameuza na nani hajauza. Chini ya kitanda lilikuwepo boksi lake. Nusu yake ilikuwa feni za kuvaa shingoni, zile wanazopenda mama lishe na vijana wa saluni, na nusu nyingine mikanda ya joto, inayochajiwa kama simu na kufungwa kiunoni. Mikanda ilinunuliwa na wazee wa mgongo, na kina dada siku zao za mwezi, na walinzi wa usiku. Feni ziliuzwa siku za jua, mikanda siku za mvua, kwa hiyo Shigela hakuwahi kuwa na siku mbaya. Sasa kila siku ilikuwa mbaya, jua lake na mvua yake.

Jioni hiyo bibi alikung'uta mfuko wa unga mpaka vumbi la mwisho likatoka. Shigela alimuuliza kesho atasonga nini.

"Nitasonga maji," bibi alijibu, akacheka peke yake mpaka kikohozi kikamkata. Halafu akaongeza, bila kucheka, kwamba mwanamke anayenyonyesha wawili hali maji.

*

Kulikucha na wingu zito, upepo wa ziwani ukiingia kwa chini ya mlango. Ilikuwa siku ya mikanda. Shigela aliijua hivyo hata kabla hajafumbua macho, na miguu yake ilikuwa imekwisha kuijua kabla yake.

Bibi alikuwa ameenda bombani. Evelina alikuwa amekesha akinyonyesha mmoja na kumkamulia mwingine, na sasa usingizi ulikuwa umemwangusha mdomo wazi, Kulwa amelala juu yake kama jani. Shigela alivuta boksi taratibu, akatoa mkanda mmoja, akaubonyeza. Taa ndogo ikawaka. Akauweka kwenye joto la chini kabisa, akaujaribu kwenye ngozi laini ya mkono wake, kama alivyowaona wanawake wakijaribu maji ya mtoto. Akasubiri. Haukuunguza. Lilikuwa joto zuri, la kiasi, kama la kifua cha mtu.

Hakuwa mtu wa kudanganya anachouza, au angalau hakujijua hivyo. Katika spika yake ndogo alikuwa amerekodi sauti yake mwenyewe, na mtaa wao mzima wa Mkolani uliijua: mkanda wa joto, mkanda wa joto, kiuno, mgongo, tumbo la kina mama, joto kama la mama mzazi, washa asubuhi zima jioni. Maneno ya asubuhi na jioni aliyapata kwa yule wa jumla aliyemuuzia. Maneno ya mama mzazi aliyatunga mwenyewe, na ndiyo yaliyouza.

Alimfungua Doto kifuani. Mtoto alikunja uso kwa baridi. Akamviringisha upesi kwa pamba ya bibi na khanga, akauzungusha mkanda juu ya khanga, akamlaza pembeni mwa Evelina. Baada ya muda mfupi Doto alikunjua uso, akaguna kidogo, akalala. Shigela aliuchukua mguno ule kama ruhusa.

Alijiambia ataenda na kurudi kabla chai haijachemka. Hakumwamsha Evelina kumuuliza, kwa sababu alijua angejibiwa nini.

*

Alipopita mbele ya kibanda, Yakobo alisimamisha mashine juu ya kichwa cha mteja, akamuuliza kama amejifungua salama. Shigela alicheka pamoja nao. Hakuna kilichoweza kumuuma asubuhi hiyo. Alikuwa na trei mkononi na spika begani, na miguu ilikwenda.

Mikanda miwili iliondoka kabla hajafika lami. Muuza nyanya mmoja alichukua wa tatu kwa ajili ya mama yake, akamlipa kwa noti zilizolowa. Shigela alinunua unga, akanunua na sukari, akafunga mfuko kwenye mkanda wa suruali yake, akasimama kugeuka arudi. Hapo mtu akamwita kutoka ng'ambo ya barabara. Akavuka. Huko ng'ambo mwingine akamwita mbele kidogo. Biashara ya kutembea ina ulevi wake. Mlevi husema moja ya mwisho, machinga husema nyumba ile ya mwisho. Manyunyu yakaanza, na watu wakazidi kuona baridi, na Shigela akazidi kwenda mbele, mpaka akajikuta Buhongwa, mtaa mwingine kabisa.

Mbele ya duka moja la vifaa vya ujenzi alikaa Mzee Mayala, mlinzi, ambaye zamu yake ilikuwa imekwisha lakini alikuwa amezuiwa na manyunyu. Shigela alimkumbuka. Alimuuzia mkanda siku nyingi kidogo zilizopita.

"Shikamoo mzee."

"Marahaba. Wewe si ndiye yule wa joto la mama mzazi."

Shigela alitabasamu, akidhani anasifiwa. Mzee Mayala aliingiza mkono chini ya koti lake kuukuu, akautoa mkanda, akauweka kwenye trei pamoja na wenzake. Hakuwa na hasira. Alieleza kama mtu anayemweleza daktari. Anauchaji mchana kutwa hapo dukani, taa zote zinawaka. Akiingia zamu anauvaa, raha tupu, anasema leo nimeoa tena. Lakini ile baa ya jirani haijafunga hata mlango, mkanda umezima. Mwanzoni alidhani yeye ndiye anabonyeza vibaya.

Mdomo wa Shigela ulianza wenyewe, kwa mazoea, kwamba hauzimi mzee, labda chaji haikujaa.

"Mwanangu, wewe unauuza tu. Mimi ndiye ninayelala nao." Mzee Mayala alitazama mlango wa duka la tajiri wake, akajisahihisha. "Ninayekesha nao. Na kuzima si neno. Neno ni kwamba ukishazima unageuka bati. Unaninyonya hata kale kajoto kangu mwenyewe. Bora kukaa bila."

Spika begani mwa Shigela ilikuwa inaendelea: washa asubuhi zima jioni. Alitazama juu kutafuta jua limefika wapi, na jua halikuwepo, na ndipo alipoelewa kwamba hajui ametoka nyumbani zamani kiasi gani. Aliweka trei kwenye mapaja ya mzee. Aliweka na spika. Mzee Mayala alimuuliza kuna nini, lakini Shigela alikuwa tayari katikati ya barabara, mkono juu, akisimamisha bodaboda, na nyuma yake sauti yake mwenyewe ilikuwa inaendelea kuuza.

*

Bibi alikuwa amesimama mlangoni na hakuwa anafanya kazi yoyote. Kwa mwanamke yule, hilo peke yake lilikuwa habari mbaya. Alimpisha mwanawe.

Evelina alikuwa kitandani, blauzi imevuliwa, watoto wote wawili kifuani, mkono mmoja umewakumbatia na mwingine umebana kidonda. Jasho lilimtiririka usoni. Mkanda ulikuwa sakafuni, taa yake imezima.

"Vua shati," alisema.

Shigela alivua. Evelina alimnyanyulia Doto. Miguu ya mtoto ilikuwa na ubaridi wa samaki aliyetoka kwenye maji, na hakulia alipohamishwa. Hilo ndilo lililomtisha Shigela. Doto alikuwa mtoto wa kulalamika kila akiguswa.

"Hataki kunyonya," Evelina alisema. "Nimemkamulia mdomoni, yanatoka pembeni." Alikuwa anafunga kitenge huku akisema, fundo moja, fundo la pili. "Niliamka, sikuona kitu kwa giza la wingu, nikasema yuko kwako. Nikalala tena, Baba Kulwa. Nililala tena kwa sababu nilijua yuko kwako."

Shigela alifungua mdomo.

"Usiseme kitu. Pumua tu, apate joto."

Bajaji iliyowapeleka hospitali ilikuwa na turubai lililochanika, na upepo uliingia upande wake, kwa hiyo njia nzima Shigela alikaa ameinama juu ya mtoto kama anayelinda moto wa kiberiti. Evelina alikaa pembeni na Kulwa kifuani, akitazama mbele. Mfuko wa unga ulikuwa bado unaning'inia kwenye suruali ya Shigela, na hakuna aliyekumbuka kuufungua.

*

Katika chumba cha watoto njiti kulikuwa na kina mama peke yao, na Shigela aliingia humo kifua wazi, unga kiunoni. Mama mmoja alijifunika haraka. Mwingine, mwenye ulimi, alisema leo wameletewa mgeni, ajitambulishe kama ni uzao wa kwanza. Walicheka kidogo, halafu wakamwona mtoto, wakaacha.

Sista Kokulinda alikuwa Mhaya mrefu, mwenye sauti isiyopanda. Alimpima Doto joto kwapani, akasoma, akapima tena. Huyu ni mtoto wa mashine, alisema, lakini vitanda vya joto vimejaa leo, na hata kama visingejaa, kifua kingemfaa zaidi. Alimlaza Shigela kwenye kitanda kilichoinuliwa kichwani, akamfunika yeye na mtoto kwa mablanketi mawili, akamvalisha Doto kofia, akaanza kumdondoshea maziwa ya mama yake kwa mrija mwembamba.

"Sasa mashine ni wewe," alisema. "Usizime."

Shigela hakuzima. Siafu mmoja alipanda kwenye kifundo cha mguu wake, akauma, na hakuusogeza mguu. Alisikiliza. Mwanzoni alisikia moyo wake mwenyewe tu, ukigonga kama jirani mwenye ugomvi. Chini yake, mbali, kulikuwa na kitu kingine, chepesi na cha haraka, kikipotea na kurudi. Kila kilipopotea alizuia pumzi mpaka kirudi. Mvua ilipiga bati, ikaacha, ikapiga tena. Evelina alikuwa kitanda cha pili na Kulwa, na hakumtazama mumewe. Alitazama kofia ya Doto.

Alasiri Doto alipiga teke. Lilikuwa teke dogo, la mbavuni, halafu akakunja uso na kulalamika kwa sauti ya paka aliyefungiwa nje. Chumba kizima kilisikia. Sista alikuja na kipimajoto chake, akasoma, akamwonyesha Evelina badala ya Shigela. Evelina alifunika uso kwa khanga, na mabega yake yakatikisika kwa muda mrefu.

Baadaye Sista Kokulinda alivuta kiti. Aliuliza mtoto alivalishwa nini, na Shigela akamwambia: mkanda wa joto. Nauza.

Hakumgombeza. Aliuliza tu, ule mkanda ukizidi moto, mtoto huyu angesemaje, na ukizima, angesemaje. Kifua cha mtu kikizidi joto kinatoa jasho, mtoto akipoa kinampa. Hakuna anayekibonyeza. Shigela aliyasikia hayo na kukubali kila neno, na bado kulikuwa na jambo moja limebaki, na kwa sababu Evelina alikuwa anasikia, alilisema.

"Sista, mimi siwezi kukaa. Tangu utoto. Nimejaribu, Mungu anaona. Nikikaa nasikia kama nazikwa."

Sista Kokulinda alimtazama.

"Nani alikwambia ukae?"

Shigela hakuelewa.

"Nilisema umbebe. Nilisema ngozi kwa ngozi. Kukaa umekutoa wapi?"

Alinyoosha kidevu kuelekea mlangoni. Huko kwenye ukumbi kina mama wawili walikuwa wanatembea kwenda na kurudi, watoto kifuani chini ya magauni yao, wakiongea habari za bei ya dagaa. Majuma yote ambayo mapacha walikuwa hapo, Shigela aliwapita wanawake kama hao akija na chakula, na alidhani wamekosa viti. Kwao, mzazi aliyetoka kujifungua hukaa ndani. Hatoki, hashiki jembe, haonekani. Naye kwa kuwa alipewa kazi ya mzazi, alidhani amepewa pamoja na kukaa kwake. Mama yake alidhani hivyo. Evelina naye, ambaye alimwambia atulie, alidhani hivyo. Hakuna aliyeuliza.

Kutoka kitanda cha pili Evelina alisema, kwa sauti ndogo, bila kugeuka, "Mtoto akipona, mimi bado sijapona."

"Najua," Shigela alisema.

*

Waliporudi nyumbani, Evelina mwenyewe ndiye aliyefunga kitenge kila asubuhi. Alivuta fundo kama anayekagua mzigo wa baiskeli ya mtu asiyemwamini, akaingiza mkono kuhakikisha miguu ya Doto imegusa ngozi, halafu akarudi kwa Kulwa. Shigela alisimama wima, mikono pembeni, akakaguliwa. Juu yake alivaa koti la mvua la zamani la Mzee Mayala. Mzee alilileta pamoja na trei, akasema spika ilikufa ikiimba, na kwamba watu wawili walimuuliza bei akawaambia ukweli, wakaenda zao.

Shigela alitembea asubuhi, jua likiwa bado dogo, ndani ya vichochoro tu, mbali na vumbi la lami. Alipita na trei upande mmoja, na spika hakuiwasha, kwa sababu ilimwamsha mtoto. Watu waliozoea kumsikia kutoka mbali walishtuka kumwona yuko mlangoni kimya. Wengine walinunua kwa mshtuko huo. Wengine walimtazama kifua kilivyotuna, wakatazamana, wakasubiri apite ndipo wacheke.

Siku moja aliitwa na dada mmoja aliyekaa mbele ya kibanda cha Yakobo, Gladness, mke wa fundi redio. Alikuwa na mtoto mchanga mgongoni. Alishika mkanda, akaugeuza, akauliza kama ukimfunga mtoto huyu siku za mvua utamfaa, maana yeye anauza uji alfajiri na baridi inamsumbua.

Benchi zima liligeuka kutazama. Mkolani hakuna siri, na wote walijua kilichotokea.

"Huu si wa mtoto," Shigela alisema.

"Ulisema joto kama la mama mzazi."

"Nilisema. Huu unazima kabla hata uji wako haujaisha. Ni wa mgongo wako wewe, ukiwa macho. Mtoto mshushe mgongoni, umweke mbele, umfunike."

Gladness aliurudisha mkanda kwenye trei. Hakununua. Shigela aliuona mkono ukiuachia, akaumia kama machinga yeyote, na akasimama pale sekunde moja zaidi ya ilivyofaa, akitamani angeongeza neno. Ndani ya koti Doto alianza kujinyonganyonga, kisha akatoa ile sauti yake ya paka. Miguu ya Shigela ilianza yenyewe, hatua papo hapo, kushoto, kulia.

Yakobo alipangusa nywele kwenye benchi kwa taulo, akawasogeza wateja wake, akaacha nafasi.

"Njoo ukae basi kidogo, Mama Doto. Umechoka."

"Siwezi," Shigela alisema, tayari akienda. "Nikikaa anaamka."